Mvumo wa transfoma katika amplifaya ya mjomba: shajara ya mradi, Walukuba, Jinja

3 Februari 2024: Sauti inatoka wapi

Amplifaya hii niliirithi kwa mjomba wangu, ambaye kila Jumamosi aliitumia kupigia santuri za rumba ya Kongo, na ambaye kila aliyeuliza kuhusu mvumo wake alijibiwa kwamba mashine nzito lazima ipumue. Ni ya Kijapani, ya katikati ya miaka ya 1970, yenye kasha la mbao na nguvu ya wati 35 kila upande. Jina la kiwanda silitaji kwa sababu kasoro ninayoishughulikia ni ya umri na mazingira, na hatua zilizoandikwa hapa zinafaa kwa karibu mashine yoyote ya wakati huo ambayo transfoma yake imepangwa kwa mabati membamba yaliyokatwa mfano wa herufi E na I.

Jambo la kwanza la kuthibitisha ni kama sauti inatoka kwenye spika au ndani ya kasha, kwa kuwa watu wengi hununua kapasita mpya, vile vikopo vinavyohifadhi chaji ya umeme, kabla ya kujiuliza swali hilo. Nilichomoa nyaya za spika zote mbili, nikaiwasha saa nne usiku, na mvumo ukabaki vilevile. Kisha nilichukua mwiko mkavu wa jikoni, nikasimamisha ncha ya mpini juu ya kifuniko cha transfoma na kutega sikio kwenye ubapa wake. Sauti ilikuja nzito na ya karibu, kama nyuki ndani ya mzinga, na nilipouhamishia mpini kwenye kapasita kubwa ikafifia. Nikarudi kwenye transfoma na kusikiliza kwa muda mrefu zaidi. Kulikuwa na sauti mbili pale: mvumo wa chini usiobadilika, na mkwaruzo mwembamba juu yake ambao ulinyamaza kila nilipokandamiza kifuniko kwa mpini. Niliandika yote mawili daftarini, nikafunga kasha, na kwa wiki tano zilizofuata nikafanya kazi kana kwamba niliandika moja tu.

Programu ya simu inayochora masafa ya sauti ilionyesha kilele kwenye hezi 100, na vingine vidogo kwenye 200 na 300. Umeme wa Uganda hugeuka mara 50 kwa sekunde, lakini chuma cha transfoma hujinyoosha na kujikunja kwa kiasi kidogo mno katika kila nusu ya mgeuko, ndiyo maana sauti huwa maradufu ya masafa ya umeme. Chuma chenye afya nacho huvuma. Hoja ni kiasi.

4 Februari: Kuitenga transfoma

Kabla ya kugusa chochote nilitengeneza kifaa ambacho kila mwenye mashine ya zamani anapaswa kuwa nacho: balbu ya uzi ya wati 100 iliyofungwa katika mfululizo na soketi, yaani umeme hupita kwenye balbu ndipo ufike kwenye soketi, ili mashine ikiwa na hitilafu kubwa balbu iwake kwa nguvu na kubeba yenyewe volti hizo badala ya kuziacha ziunguze vitu. Balbu za uzi zimeadimika tangu watu wahamie kwenye taa za LED. Niliipata katika duka la tatu, na pamoja na kishikio chake na soketi nililipa shilingi 9,000. Amplifaya ilipowashwa kupitia kwake, balbu ilimulika mara moja kisha ikafifia, jambo linaloonyesha kwamba hakuna mzunguko mfupi (shoti) wa wazi.

Hatua ya pili ni kuondoa mzigo. Dayodi iliyokufa, yaani kile kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, au kapasita inayovuja inaweza kuifanya transfoma nzima ingurume, na fundi asiyejua hilo huilaumu transfoma bure. Nilizima, nikachomoa plagi, nikaondoa chaji ya kapasita kubwa kwa rezista (kizuizi cha mkondo) ya omu 220, kisha nikazitoa kwenye solda nyaya zote za upande wa pili wa transfoma, unaolisha mashine, kila moja ikiwa imefungwa kipande cha plasta chenye namba. Nilipoiwasha tena, transfoma ikiwa peke yake bila kulisha chochote, mvumo ulikuwa uleule. Dayodi na kapasita zikaachiliwa huru.

10 Februari: Bolti, na kosa langu la kwanza

Transfoma inashikwa na bolti nne zinazopita katika pembe za mabati. Tatu zilikaza kwa nusu mzunguko na mkwaruzo ukapungua papo hapo, jambo lililonipa kiburi cha kuikaza ya nne zaidi ya inavyostahili. Ilikuwa imekula kutu katikati. Ilikatika ndani, na ikanichukua asubuhi nzima kuitoa kwa kuigonga polepole kutoka upande wa pili kwa pini butu.

Nilinunua bolti nne mpya na nati zake kwa shilingi 6,000, nikazifunga, nikaridhika. Baada ya dakika 20 za kuwaka, nilipozima na kuchomoa plagi, bolti mbili zilikuwa za moto kuliko chuma kilichozizunguka. Ndipo nilipozitazama zile kuukuu kwenye sahani na kuona nilichokuwa nimekitupa kama uchafu: mrija mwembamba wa karatasi ya kahawia uliovishwa kila bolti, na washa ngumu za nyuzinyuzi chini ya kila nati. Mabati ya transfoma hupakwa kihami, kitu kisichopitisha umeme, kila moja ili umeme usizunguke ndani ya chuma. Bolti iliyo wazi inayoyagusa huyaunganisha upya, mikondo ya ndani hupata njia, na njia hiyo hupata moto. Nilikata mirija mipya kutoka kwenye karatasi ngumu ya kihami ambayo mafundi wa mota huitandika katika mifereji kabla ya kuingiza koili, nikarudisha washa za zamani, na joto la bolti likaisha. Chini ya miguu ya transfoma niliongeza vipande vya mpira wa tyubu vya shilingi 2,000 ili mtetemo usihamie kwenye bati la chini.

17 Februari: Vanishi isiyo yake

Mkwaruzo ulikuwa umepungua lakini haukuisha, kwa maana kwamba baadhi ya mabati ya katikati, ambayo bolti za pembeni haziyabani sawasawa, bado yalikuwa yakicheza. Dawa inayojulikana ni vanishi. Nilinunua vanishi ya mbao kwa shilingi 12,000 katika duka la vifaa vya ujenzi, nikaipaka kwa brashi juu ya kingo za mabati, nikaiacha siku mbili.

Usifanye hivyo. Vanishi hiyo ilikauka juu tu kama ngozi ya maziwa na haikuingia ndani, na transfoma ilipopata joto la kazi ikalainika na kutoa harufu iliyomfanya mke wangu afungue madirisha yote. Kuikwangua kulichukua muda mrefu kuliko kuipaka.

24 Februari: Vanishi yenyewe

Jinja ni mji wa viwanda, na palipo na viwanda hapakosi fundi wa kusuka mota. Niliichomoa transfoma yote na kuipeleka kwa bodaboda katika karakana ya mmoja wao, ambaye aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akainusa, akaniambia, “Mzee, hii ulipaka ya viti.” Sikukana.

Alichofanya ndicho ninachopendekeza kwa atakayefuata. Kwanza aliiweka transfoma katika jiko lake la kukaushia kwa saa mbili ili unyevu utoke na chuma kipate joto, kwa sababu chuma chenye joto huifanya vanishi iwe nyepesi na kuivuta ndani. Kisha akaifunga kwa waya na kuizamisha katika ndoo ya vanishi ya mota hadi chini kidogo ya mahali nyaya zinapotokea. Mapovu yakaanza kupanda kati ya mabati, kwanza mfululizo kama maji yanayokaribia kuchemka, kisha moja moja, na fundi hakuitoa mpaka povu la mwisho lilipopasuka na uso wa vanishi ukatulia kabisa, yapata nusu saa. Kila povu, alieleza, ni nafasi ambayo bati lilikuwa linachezea. Baada ya hapo ilining'inizwa ichuruzike, ikarudi katika lile jiko la kukaushia kwa saa sita. Alinitoza shilingi 35,000, na bodaboda ya kwenda na kurudi, kuipeleka na kuifuata, ilinigharimu 8,000.

Niliirudisha mahali pake jioni ya siku iliyofuata, saa moja na nusu usiku, na ilikuwa kimya kiasi kwamba nilidhani haijawaka. Niliita watu wa nyumbani waje wasikilize ukimya huo. Saa sita usiku nilipoamka kunywa maji, mvumo ulikuwa umerudi, bila mkwaruzo safari hii, ila ule wa chini ulikuwa palepale.

2 Machi: Shilingi 46,000 zilizopotea

Kuna maelezo mashuhuri ya mvumo wa namna hii. Mashine za kukaushia nywele, kwenye kiwango cha joto la chini, mara nyingi hutumia dayodi inayopitisha nusu tu ya wimbi la umeme, na hilo huacha mabaki ya mkondo mnyoofu, yaani usiogeuka kama wa betri, katika nyaya za mtaa. Mabaki hayo huusukuma usumaku wa transfoma upande mmoja mpaka chuma kishibe, yaani kisiweze kubeba usumaku zaidi. Upande wa pili wa ukuta wetu kuna saluni. Nilihisi nimemkamata mwizi.

Nilitengeneza kizuizi cha mkondo mnyoofu: kapasita mbili za maikrofaradi 10,000 zilizopangwa kinyume katika mfululizo, na kando yake daraja la dayodi lililofungwa ili kuzilinda volti zikizidi. Vilinigharimu shilingi 46,000 pamoja na nauli ya kijana niliyemwagiza Kampala, na havikubadilisha chochote.

Sababu zilikuwa mbele ya macho yangu. Athari hiyo huzisumbua hasa transfoma za duara, ambazo chuma chake hakina kiungo. Katika za E na I, nafasi ndogo mno iliyopo kwenye viungo vya mabati huvumilia mkondo mnyoofu zaidi. Lakini hata bila ujuzi huo nilitakiwa kujua, kwa sababu saluni hufungwa saa mbili usiku na amplifaya huanza kelele wenye saluni wakiwa wamelala. Aliye na transfoma ya duara asikate tamaa na kifaa hiki. Kwangu kinasubiri kazi nyingine.

9 Machi: Alichokisema mke wangu

Nilipokuwa nikilalamika kuhusu kapasita hizo, mke wangu alisema bila kuacha kuchambua mchele: “Hii mashine yako saa ya kupika inanyamaza. Watu wakishalala ndiyo inaanza kunguruma kama kinu cha kusaga.” Nilifungua daftari. Kila mahali nilipoandika “kimya” ilikuwa kati ya saa moja na saa tatu usiku, na kila mahali nilipoandika “mvumo” ilikuwa baada ya saa nne. Saa nilikuwa nimeziandika kwa mazoea tu, kama mtu anavyoandika tarehe juu ya barua.

10 Machi: Vipimo vya usiku mmoja

Volti rasmi za Uganda ni 240. Swichi iliyo nyuma ya amplifaya ina nafasi mbili tu, 110 na 220, na inakaa kwenye 220. Nilifunga rezista ya omu 10 (shilingi 2,000) katika mfululizo na transfoma isiyo na mzigo, nikapima volti juu ya rezista hiyo na kuzigawa kwa kumi ili kupata mkondo. Mita yangu ni ya bei nafuu na haipimi kwa usahihi mkondo wenye vilele vikali, kwa hiyo namba zifuatazo ni za kulinganishana zenyewe kwa zenyewe.

Saa moja na nusu usiku, mtaa mzima ukiwa unapika na taa zote zimewaka, ukutani kulikuwa na volti 221 na transfoma ilivuta ampea 0.09. Saa nne volti zilikuwa 238 na mkondo 0.13. Saa sita, 249 na 0.19. Saa nane, 254 na 0.24, na hapo ndipo mvumo ulipoweza kusikika kutoka chumba cha pili. Volti zilikuwa zimepanda kwa asilimia 15 tu, ilhali mkondo ulikuwa umezidi mara mbili na nusu. Hiyo ndiyo alama ya chuma kilichoshiba: kikifika mwisho wa uwezo wake wa kubeba usumaku, kila volti ya ziada hugeuka kuwa mkondo wa bure, joto na kelele. Nyumba yetu iko karibu na transfoma ya mtaa, na mizigo ya majirani ikizimwa hakuna kinachozipunguza volti kabla hazijatufikia.

Jambo lililonishtua zaidi lilikuwa ndani. Niliporudisha nyaya za upande wa pili na kupima kapasita kubwa za kuchuja, ambazo zimeandikwa volti 35, saa nane usiku zilikuwa zikibeba 37. Mvumo ulikuwa ni kero. Hili lilikuwa ni hatari.

Niongeze neno kwa wenye mashine zilizotoka Marekani: usumaku ndani ya chuma hutegemea volti zikigawanywa kwa masafa, kwa hiyo transfoma iliyoundwa kwa hezi 60 pekee, ikiletwa kwenye hezi 50 kupitia kipunguza volti kinachotoa 120 kamili, bado hubeba usumaku wa ziada wa asilimia 20. Kabla ya kukaza bolti, someni kibandiko cha nyuma.

16 Machi: Kinyume

Kwa kuwa swichi haina nafasi ya 240, nilihitaji kuondoa volti 25 hivi kabla hazijafika kwenye mashine. Njia ya bei nafuu ni kuchukua transfoma ya pili, ndogo, ya 240 kwa 24, na kuipitisha koili yake ya volti 24 katika mfululizo na waya wa moto, ule unaoleta umeme kutoka ukutani, ili volti zake zipunguze za ukutani badala ya kuziongeza. Transfoma hiyo haihitaji kubeba nguvu zote za amplifaya. Inahitaji tu kuhimili mkondo wake. Amplifaya yangu huvuta wati 150 inapofanya kazi kwa nguvu zote, yaani chini ya ampea moja, na niliyoipata Katwe, Kampala, kwa shilingi 40,000, ikiwa imetumika, ni ya ampea 3.

Koili ina miisho miwili, na kuna njia mbili za kuifunga. Nilichagua moja kwa kubahatisha, nikaunganisha amplifaya kupitia balbu, saa tano usiku, nikawasha. Balbu ilikuwa nyeupe kuliko nilivyowahi kuiona ikiwaka kwa mashine hiyo, na transfoma ya mjomba ikatoa sauti ambayo miaka yote hiyo haikuwahi kuitoa. Nilizima mara moja. Nilipoitenga amplifaya na kupima pato la kifaa changu bila balbu, mita ilisoma volti 280: badala ya kutoa 26 nilikuwa nimeongeza 26. Bila ile balbu, kapasita zangu zingeweza kupasuka.

17 Machi: Sawasawa

Nilibadilishana miisho miwili ya koili ndogo. Safari hii nilipima kwanza, bila kitu chochote kwenye soketi, jambo lililotakiwa kufanywa jana. Kwa volti 254 za ukutani, pato lilikuwa 228. Mkondo wa transfoma kubwa ikiwa peke yake ulishuka hadi ampea 0.10, kapasita zilisoma volti 33, na mpini wa mwiko ulileta sikioni mvumo wa chini sana ambao hupotea ukiondoa sikio kwenye ubapa.

Kasoro ya mpango huu ni kwamba hautambui saa. Jioni, volti za ukutani zikiwa 221, mashine hupata chini ya 200, na ukiongeza sauti hadi mwisho utasikia inachoka mapema. Nilifikiria swichi ya kuiruka transfoma ndogo wakati wa jioni, nikaiacha kwa sababu najijua: siku moja nitasahau kuirudisha.

30 Machi: Sanduku na hesabu

Transfoma ndogo sasa iko ndani ya sanduku la chuma lenye matundu, lililounganishwa na waya wa ardhi, lenye fyuzi ya ampea 1 ya kuchelewa kukatika na soketi moja tu iliyoandikwa kwa rangi nyekundu kwamba ni ya amplifaya. Ikumbukwe kwamba ile koili ya “volti 24” katika mpangilio huu imeunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani, hivyo hakuna sehemu yake inayoweza kuachwa wazi kwa kisingizio kwamba ni volti ndogo. Sanduku, fyuzi na soketi vilifika shilingi 33,000.

Jumla ya mradi ni shilingi 193,000. Ukiondoa vanishi ya viti na kizuizi cha mkondo mnyoofu, kazi iliyohitajika ilikuwa ya shilingi 135,000, na sehemu kubwa ya fedha hizo ni vitu ambavyo fundi mwingine anaweza kuwa navyo tayari kabatini.

Jana niliiacha ikiwaka usiku kucha. Saa nane ukuta ulisoma volti 256, sanduku lilitoa 230, bolti nne zilikuwa na uvuguvugu uleule wa chuma kilichozizunguka. Nilipoweka santuri ya mjomba, nikasikia kwa mara ya kwanza kwamba mota ya kinanda chake cha santuri nayo inakwaruza.